Njia ya Mwongo

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Ya Clive Ostler ina kurasa mia tatu na kumi na mbili,
jalada gumu, pauni kumi na nane na chenji,
kisha dakika mia na tisa gizani, bisi ununue mwenyewe.

Mimi nipo ukurasa wa mia na arobaini:
"Dobi mmoja wa hospitali, Tina, mtu wa Afrika,
aliyelia nilipomwambia pesa zitazaa."
Mistari miwili na nusu. Nimeipima kwa rula.

Sikulia. Wala siitwi Tina.
Naitwa Tatu, jina la mama yake baba,
na mwaka ule, Hull, mtaa wa Spring Bank,
nilimimina mezani kwa Bi Hebblewhite
pauni mia nne na themanini kutoka kopo la biskuti.
Alikwisha nivika kilemba cha ukoka,
eti hajaona jicho la hesabu kama langu.
Akanipa risiti yenye muhuri.
Muhuri, nilikuja kujua, wa chama cha wafuga njiwa.

Kitabuni anasema: "Mkono wangu haukutetemeka kamwe.
Huo ndio ufundi."
Kitabuni supu ya Bi Hebblewhite ni ya njegere.
Ilikuwa ya mkia wa ng'ombe. Aliongezwa mara mbili.
Sura ya mwisho anaomba radhi kwa "wote",
neno pana kama shuka,
limetufunika sote gubigubi
likaacha uso wake tu nje, unatabasamu.

Filamu nayo!
Bi Hebblewhite hayumo kabisa. Mahali pake pana benki,
benki ya marumaru, meneja mnene mwenye dharau,
maana nani atampenda mwizi wa kopo la biskuti?
Wamempeleka akaibe panapostahili kuibiwa.
Ukumbi mzima ukapiga makofi.
Vibanda vya simu ni vyekundu.
Vya Hull ni rangi ya malai,
mtoto yeyote wa kule angewaambia, hawakuuliza.
Nami wamenigeuza msichana wa kaunta,
nywele za shaba, koti la kijani, sekunde nne,
anamtazama mlaghai akitoka mlangoni
utadhani yeye ndiye aliyepata faida.

Nikakaa nikihesabu uongo kama tulivyohesabu nguo chafu:
shuka, foronya, shuka, shuka.

Ndipo akaanza kuhesabu pesa.
Mwigizaji, kijana asiyekuwa hata mimba mwaka ule,
anahesabu noti za benki isiyokuwepo,
na kidole gumba cha kulia kinamtetemeka.
Kidogo tu. Kama ukope wa mtu anayepigana na usingizi.
Nilishika kiti cha mbele.
Ndivyo. Ndivyo hasa.
Nilikiona juu ya noti zangu, nikadhani ni baridi,
nikamsogezea hita.

Nani alimwambia kijana yule?
Si kitabu; kitabu kilikana.
Mwenye kidole kaapa hakikutikisika,
asiyekuwepo kakitikisa.

Nimerudi kwa miguu, mvua ya Hull ile ile
isiyonyesha wala isiyokatika,
nikipiga hesabu: kopo, kitabu, tiketi.
Mara tatu kaniibia,
jina langu halijui lakini kalitii.
Mwanangu Shemsa anasema, mshtaki.
Kwa lipi, mama? Kwa supu?

Kitabu nimekiweka chini ya mguu mfupi wa meza.
Hapo kinasema kweli.

Ila lile koti.
Kijani cha chupa, vifungo vya pembe, kiunoni limebana.
Mwaka ule nilikuwa na sweta la msaada, kiwiko kimetoboka.
Lakini juzi mjukuu aliniuliza habari za siku ile,
nikausikia mdomo wangu unasema:
basi nikavaa koti langu la kijani, nikashuka ngazi.

Akauliza, lilikuwa zuri?
Nikamwambia, sana.